Uchawi wa kweli unaanzia kwenye daftari la kasoro zako mwenyewe (uzi mrefu)

Mkaa Kimya aliandika:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki humu kuna uzi wa mtu anayetafuta mganga wa kweli, pete ya mali, jini la utajiri au dawa ya kumrudisha mpenzi. Majibu nayo hayabadiliki: namba ya simu na "nicheki pembeni". Leo nataka tuzungumze upande mwingine wa mambo haya, ambao nimeusoma na kuufanyia kazi kwa muda mrefu, na ambao umenionyesha nafsi yangu kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho.

Kuna mapokeo ya uchawi huko Ulaya ambayo mlengwa wake wa kwanza ni huyo huyo anayeufanya. Hakuna jirani wa kuroga wala mwanamke wa kufunga. Unafundishwa kukaa, kupumua, kutazama mawazo yanavyopita, kuandika maovu yako bila kujihurumia. Ishara, majina na viumbe wasioonekana vinakuja baadaye sana. Mwenye kuruka hatua hizo za mwanzo hukutana huko mbele na tamaa zake mwenyewe, akadhani ni malaika anazungumza naye.

Historia kidogo. Mwaka 1888, jijini London, wanachama watatu wa Freemason, William Wynn Westcott, William Robert Woodman na Samuel Liddell MacGregor Mathers, walianzisha chama cha siri kilichoitwa Hermetic Order of the Golden Dawn. Hawakuwa watu wa vichochoroni: Westcott alikuwa daktari aliyeajiriwa kuchunguza vifo vya utata. Wanawake walipokelewa sawa na wanaume. Mshairi W. B. Yeats wa Ireland aliingia mwaka 1890, na ndiye huyo aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1923.

Mwanachama alipanda daraja kwa daraja, na baada ya lile la kuingilia yalifuata manne: la udongo, la hewa, la maji na la moto. Mtu wa Pwani aliyekaa na watu wa falaki, yaani elimu ya nyota, atazitambua asili hizi nne mara moja. Hamali, Asadi na Kausi ni nyota za moto; Thauri, Sumbula na Jadi za udongo; Jauza, Mizani na Dalu za upepo; Saratani, Akrabu na Hutu za maji. Chimbuko ni moja. Elimu hiyo ilitoka kwa Wagiriki, Waarabu wakatafsiri vitabu vyao, kisha kutoka Kiarabu ikaja kwetu Pwani na ikaenda Ulaya kwa Kilatini. Anayesema mambo haya ni mageni kabisa kwetu hajawahi kuulizwa jina lake na la mama yake ili yapigiwe hesabu ya abjadi, ile ya kugeuza herufi kuwa namba.

Ukishavuka madaraja hayo uliingia duara la ndani, na hapo ulikula kiapo. Mtu aliahidi kujitoa kwa ile Kazi Kuu, yaani kutakasa na kuinua roho yake mpaka, kwa msaada wa Mungu, aungane na nafsi yake ya juu. Fedha haimo kwenye kiapo hicho. Adui hayumo. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikaa nacho siku nzima, kwa sababu nilikuwa natafuta nguvu, na hapa naambiwa kazi yenyewe ni mimi.

Ila kiapo ni kitu kimoja na kukiishi ni kingine. Mwaka 1900 chama kilipasuka kwa ugomvi wa nani ana mamlaka juu ya nani. Mathers, ambaye wakati huo alikuwa anaishi Paris, alimtuma kijana Aleister Crowley aende London akateke ukumbi wao uliokuwa Blythe Road. Yeats na wenzake wakamzuia, wakabadilisha kufuli, polisi wakaitwa. Watu wenye vyeo vya kiroho, wakigombania mlango. Mimi naichukulia habari hii kwa uzito: unaweza kukariri majina yote ya malaika kwa Kiebrania na bado hujui kwamba unapenda kutawala.

Crowley mwenyewe (1875–1947) ndiye maarufu kuliko wote na ndiye vijana wengi wanaanza naye. Kuna jambo moja kubwa alilolisisitiza, nalo ni kuandika. Kila zoezi liandikwe: saa ngapi, mwili ulikuwaje, nini kilitokea, ili baadaye usijidanganye. Hilo lichukueni. Lakini huyo huyo aliwahi kuelekeza wanafunzi wajikate mkono kwa wembe kila wanapoteleza na kutamka neno walilojikataza. Hilo mliache kabisa. Kujijua hakuhitaji damu, na mtu anayejichukia tayari atalipokea zoezi la namna hiyo kwa furaha mbaya.

Ninayemfuata mimi ni Franz Bardon. Alizaliwa 1909 pembeni ya mji wa Opava, nchi ambayo leo ni Cheki, na alifia kizuizini mwaka 1958 wakati wa utawala wa kikomunisti. Ujanani alifanya maonyesho jukwaani kwa jina la Frabato. Mwaka 1956 kitabu chake cha mazoezi kilitoka kwa Kijerumani, hatua kumi zilizopangwa ili mtu aweze kujifundisha peke yake nyumbani bila chama wala kiapo. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo kubwa, maana hakuna wa kumlipa ada ya kuingia.

Hatua ya kwanza ina mambo ya akili, ya roho na ya mwili. La akili ni hili: dakika tano, unakaa na kutazama mawazo yako. Huyafukuzi, huyafuati. Jaribu leo usiku. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, simu iache chumba kingine. Utaona: hela ya kijumbe, mwenye nyumba, neno la bosi la asubuhi, tangazo la redio. Mimi niligundua kwamba sehemu kubwa ya mawazo yangu ni mabishano. Nabishana na watu ambao hawapo, wengine wameshakufa, na kila mara nashinda mimi. Hakuna mganga aliyewahi kuniambia habari hiyo. Baadaye unafundishwa kushika wazo moja bila kuliachia, na mwisho kubaki bila wazo kwa dakika kumi. Ukishindwa, unarudia. Bardon haruhusu kuvuka hatua kabla haijakaa.

La roho ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Anakiita kioo cha roho, na viko viwili, cheusi na cheupe. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, itakutosha. Kwa wiki moja au mbili unaandika kasoro zako zote, kubwa na ndogo, na daftari hilo asilione mtu. Hapa wengi wanaandika maneno ya jumla: mvivu, mwongo, mwenye hasira. Hayo hayana faida. Andika namna kasoro inavyotokea. Badala ya "nina kiburi", andika "mtu akinisahihisha mbele za watu naanza kutafuta kosa lake". Badala ya "mwongo", andika "nikichelewa nasema nipo njiani na bado sijatoka nyumbani". Ukiandika hivi, kesho yake kitu kikitokea utakikamata kikiwa bado mdomoni.

Halafu unazigawa kwa zile asili nne. Moto: hasira, chuki, wivu, kisasi. Hewa: umbea, majigambo, matumizi ya ovyo, kutochukua mambo kwa uzito. Maji: woga, kutojali, kukubali kila unachoambiwa, kubadilikabadilika. Udongo: uvivu, uzito wa kuanza, huzuni isiyoondoka, kukosa utaratibu. Usizozijua mahali pake ziweke pembeni kwanza. Kisha kila kundi unaligawa tena mara tatu: zinazokutawala, zinazokuja mara mojamoja, na zile ndogo. Ukimaliza unafanya hivyo hivyo kwa mazuri yako, na hicho ndicho kioo cheupe. Msikiruke. Kuna watu ambao kwao kuandika uzuri wao ni kazi ngumu kuliko kuandika ubaya.

Mimi watu wananijua kama mkali. Nilipomaliza kupanga, safu ya moto ilikuwa fupi na safu ya maji ilijaa ukurasa. Ukali wangu unakuja mwisho kabisa, baada ya kukubali mambo mengi nisiyoyataka, nikicheka, nikisema hakuna shida. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila dawa ya hasira niliyopewa haikushika.

Hatua ya pili inaleta kitu kinachofanana na tasbihi au rozari: uzi wenye shanga au mafundo 30 hadi 40. Unachagua sentensi fupi ya wakati uliopo, kama vile "nasema hapana kwa utulivu", na unaisema shanga kwa shanga ukiwa unapotelea usingizini na unapoamka. Yale ya mwili, ya hatua ya kwanza, ni maji ya baridi asubuhi, kupumua kwa nia, kula kwa kuzingatia. Hayo sitayaeleza sana, ni ya kufanya tu.

Najua mtaniuliza kwa nini niuite uchawi na si saikolojia. Kwa sababu Bardon haishii hapo. Hatua za juu zina viumbe na nguvu ambazo yeye alizichukulia kuwa zipo kweli, na mimi naamini dunia ina zaidi ya tunachokiona. Lakini ameuweka mlango wa huko nyuma ya kioo cheusi, na naona alikuwa sahihi.

Karibuni tujadili.

Abu Nuhu aliandika:

Ndugu Mkaa Kimya, assalam alaikum. Nimesoma yote, na nakuambia kwa upendo: kutaka msaada kwa viumbe wa ghaibu ni mlango wa shirki, na mtu hana haja nao. Kuhesabu nafsi tunako. Ni muhasaba. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kizima juu yake ndani ya Ihya, mkusanyiko wake mkubwa wa vitabu.

Na kuna kitu daftari lako limekosa. Ghazali anataja njia nne za mtu kuzijua aibu zake. Ya kwanza, sheikh mwenye basira, yaani jicho la moyo. Ya pili, rafiki mkweli anayekuambia. Ya tatu, ulimi wa adui, kwa sababu adui anaona kile rafiki anachofumbia macho. Ya nne, kuchanganyika na watu, kila ubaya unaouchukia kwa mwenzio ujitazame kama unao. Tazama, zote nne zina mtu mwingine ndani yake. Mtu peke yake chumbani ataandika kasoro anazozipenda.

Mkaa Kimya aliandika:

Waalaikum salaam, Sheikh wangu. Umesema kitu kizito, hasa la adui. Naliongeza kwenye zoezi kuanzia leo: baada ya kumaliza kuandika, mtu akumbuke maneno mabaya aliyowahi kuambiwa na watu waliogombana naye, ayaandike kama yalivyo bila kujitetea, kisha aone ni mangapi hayamo kwenye orodha yake. Hayo ambayo hayamo ndiyo ya kuanza nayo. Hili la nne nalo lina nguvu. Ninaowachukia zaidi kazini ni wale wasioweza kusema hapana kwa bosi.

Kuhusu viumbe, nakuheshimu na sitakuvuta. Hatua ya kwanza haina hata kiumbe mmoja ndani yake, na Mwislamu au Mkristo anaweza kuifanya na akaishia hapo.

Paroko wa Kitaa aliandika:

Niongezee kwa upande wa Wakatoliki. Mazoezi ya kiroho ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola yaliyochapwa 1548 yana kitu karibu sana na hiki. Unachagua kosa moja tu. Mchana unajikagua, usiku unajikagua, na kila ulipoanguka unatia nukta kwenye mistari miwili ya siku hiyo, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Mistari ya leo inalinganishwa na ya jana, wiki hii na iliyopita. Nimewahi kuufuata katika mafungo. Kuziona nukta zikiwa nyingi mchana na chache usiku kulinifundisha kwamba kosa langu lina saa zake.

Mama Tedi aliandika:

Mwanangu, mimi natoka Usukumani, na neno hilo ulilolitaja kwenye kichwa cha uzi nimeliona likiua. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kupikia, samadi na kuni za miaka yote. Mtoto akifa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, anarudi na jina la bibi wa jirani. Watu wenye ualbino nao wameteseka hivyo hivyo. Wewe unaandika vizuri, lakini kijana mmoja akisoma kichwa tu akaenda zake, umemsaidia nini?

Mkaa Kimya aliandika:

Mama yangu, shikamoo. Nimekusikia na sitapinga hata moja.

Sheria ya Uchawi ipo nchini tangu 1928, enzi za Mwingereza, na mauaji hayakwisha, maana sheria haifiki pale moyoni ambapo mtu anaamua kwamba chanzo cha msiba wake kina jina na kinakaa nyumba ya pili. Na hapo ndipo ninapoona haja ya uzi huu. Uchawi tunaoulaumu huku kwetu daima unaweka chanzo nje: shangazi, mke mwenza, bibi mwenye macho mekundu. Mtu anaweza kuishi miaka sabini bila kuulizwa hata mara moja yeye mwenyewe ana nini. Biashara imekufa, amerogwa. Ndoa imevunjika, amerogwa. Kioo cheusi kinamgeuza uso mtu huyo. Aliyekwisha kuandika kwa mkono wake "namwonea wivu ndugu yangu kwa sababu watoto wake wamesoma" hawezi tena kwa urahisi kusema ndugu yangu ananiwangia.

Mpiga ramli anayetaja jina la mtu, kwangu mimi ameshatoka kwenye elimu yoyote. Ningependa watu wote wa mambo haya, wa Ulaya na wa kwetu, waseme hivyo kwa sauti.

Binti wa Muheza aliandika:

Naomba niongee kidogo kuhusu waganga wetu, kwa sababu mnawasema kama wote ni wa ramli. Mimi nimekulia kwenye ngoma za pepo. Mgonjwa akipandisha pepo hakemewi. Pepo anasalimiwa kwa adabu, anaulizwa jina lake, katoka wapi, anataka nini. Ataomba nguo ya rangi fulani, marashi, ubani, chano chake. Na mara nyingi pamoja na hayo yanatoka maneno ambayo yule mama hajawahi kuyasema akiwa yeye: kwamba hapewi matumizi, kwamba hakutaka kuolewa huko, kwamba anamlilia mtoto aliyekufa na kila mtu alimwambia anyamaze. Mume yupo pale, mawifi wapo, wanasikia, na inawabidi wajibu kwa sababu anayeongea ni mgeni mwenye heshima.

Na wengi wa waganga walianza kama wagonjwa. Walikaa na pepo wao miaka, wakawajua wanataka nini na wanachukia nini, ndipo wakaweza kumshika mwingine mkono. Kama hiyo si kujijua, basi sijui.

Mkaa Kimya aliandika:

Dada, asante sana. Umeandika kile ambacho mimi nisingeweza kukiandika.

Naona ngoma ina kitu ambacho Bardon hana kabisa: mashahidi. Siri ya yule mama haibaki kwenye daftari, inatamkwa mbele ya wale wanaohusika, na wanalazimika kubadilika. Njia yangu mimi inamwacha mtu na karatasi yake, na akisha kujua kwamba hapewi matumizi bado lazima aende akamwambie mume kwa mdomo wake. Abu Nuhu naye amelisema hilo kwa njia yake hapo juu. Naanza kufikiri daftari pekee halitoshi kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni kunyamazishwa. Litamsaidia zaidi yule ambaye shida yake ni kujidanganya.

Nesi wa Zamu aliandika:

Wakuu, mimi nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Kuna wasomaji humu ambao tayari wanasikia sauti, au hawajalala siku kadhaa, au wako kwenye dawa. Kukaa kimya na kutazama mawazo kunaweza kumzidishia mtu wa hivyo. Huzuni nzito nayo: ukimpa aliyekata tamaa kazi ya kuorodhesha ubaya wake wiki mbili, umempa silaha dhidi yake mwenyewe. Tafadhali liseme hili wazi.

Mkaa Kimya aliandika:

Nalisema wazi, na nashukuru. Mwenye hali hizo asianze. Aende hospitali kwanza, amalize tiba, azungumze na daktari wake.

Na hili si geni kwa wenye njia yenyewe. Israel Regardie, aliyezaliwa London 1907, ndiye aliyechapisha mafundisho ya Golden Dawn kati ya 1937 na 1940, na yeye alishikilia kwamba mtu apitie tiba ya kisaikolojia kabla ya kugusa uchawi. Dion Fortune naye, mmoja wa waandishi wakubwa wa elimu hii Uingereza, kabla ya hapo alikuwa anahudumu katika kliniki ya saikolojia London. Waliijua hatari hiyo kwa kuiona kwa macho.

Kwa mwenye huzuni ya kawaida, anaweza kuanza na kioo cheupe. Bardon hakupanga hivyo, ni maoni yangu.

Dogo wa Ngarenaro aliandika:

Mkuu nimeanza juzi. Nina swali dogo. Nina tabia ya kutojibu meseji za watu wanaonidai shukrani, yaani mtu kanisaidia, halafu akinitafuta nashindwa kumjibu, siku zinapita, naona aibu, nazidi kunyamaza. Nimeiweka kwenye udongo kama uvivu lakini naona haijakaa. Ni ya wapi?

Mkaa Kimya aliandika:

Mdogo wangu, haijakaa kwa sababu hujibu watu wa aina moja tu. Mvivu asingemjibu mtu yeyote. Tazama kama wale wasiokudai chochote unawajibu haraka. Kama ndiyo, itoe kwenye udongo, iweke kwenye maji, kundi la kwanza, na uiandike upya hivi: "mtu akinitendea wema najiona mdogo mbele yake". Halafu soma chini yake kama kuna ya moto imejificha, maana mara nyingi anayejiona mdogo mbele ya mfadhili wake huanza kumchukia taratibu. Usiijibu hapa jukwaani. Andika kwenye daftari, na kesho asubuhi mpigie simu mmoja wao, usimwandikie meseji.